Kibuyu katika mji wa shaba

Mgeni anayeondoka Likasi akitaka zawadi ya kubeba huonyeshwa vitu viwili. Cha kwanza ni malakiti, jiwe la kijani lenye miviringo, lililochongwa likawa tembo, kisanduku au mkufu. Cha pili ni bamba la shaba lililogongwa kwa nyundo mpaka likatoa sura ya kijiji, ya mvuvi, au ya mama aliyejitwika kibuyu. Kibuyu chenyewe hakimo dukani. Kimebaki picha juu ya shaba.

Haishangazi. Mji huu, kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, uliitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa vigogo wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo migodi yake ilikuja kutaifishwa ikawa ya Gécamines. Ukitaja Shituru, watu wanafikiria kiwanda cha shaba kabla ya kukumbuka kwamba ni komini yenye watu na watoto. Na si mbali na hapo iko Shinkolobwe, machimbo yaliyotoa urani ya bomu la Hiroshima. Kila kilichoupa mji huu jina kilitolewa chini ya ardhi.

Lakini pita pembezoni, upande wa kwenda Kambove au ule wa Kapolowe, mvua zikiwa zimekolea. Juu ya ua wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, au juu ya paa la choo, utaona mtambaa wenye majani mapana na maua meupe yanayofunguka jua likizama. Huo ni mmung'unye. Tunda lake likichumwa changa ni mboga, ikiwa si la aina chungu. Likiachwa likomae na kukauka ni kibuyu, na mtu anayetaka kukitia nakshi anaweza kuanza kazi yake miezi tisa kabla ya kushika kisu.

Tumezoea kudhani sanaa ya kibuyu ni ile michoro ya nje. Kwa anayelima vibuyu vyake mwenyewe, michoro huja mwisho, na pengine si sehemu ngumu kuliko zote. Uamuzi mkubwa hufanyika shambani.

Katika Haut-Katanga mvua hushika kwa dhati Novemba na kuaga Aprili. Mmung'unye unadai miezi minne hadi mitano kutoka mbegu mpaka tunda lenye ganda gumu, kwa hiyo anayepanda Januari atakuta mvua zimekatika na tunda bado laini. Mbegu ina ngozi nene. Wengi huiloweka usiku kucha kabla ya kuitia ardhini, na mahali inapopapenda ni pale palipokuwa jalala la majivu na samadi. Ukiwa na ua imara, vizuri. Usipokuwa nao, jenga kichanja mapema, maana matunda kumi yaliyojaa maji yanaweza kuangusha kichanja cha mabua pamoja na jirani aliyekaa chini yake.

Mmea ukishatambaa hutangulia kutoa maua dume kwenye shina kuu. Maua jike, ambayo hutambulika kwa kijitunda kidogo kilicho nyuma ya petali, hupenda zaidi matawi ya pembeni; ndiyo sababu mkulima mzoefu hukata ncha ya shina kuu ili matawi yachomoze. Maua hufunguka jioni, nyuki wengi wakiwa wamesharudi mzingani, na wanaoyahudumia sana ni nondo. Nondo wakiadimika, unachuma ua dume, unavua petali zake, unapaka chavua katika ua jike kwa mkono wako. Kazi ya dakika moja, tena ya magharibi, wakati wa kupumzika.

Halafu linakuja suala la umbo. Tunda linaloning'inia huvutwa na uzito wake, shingo ikanyooka. Tunda lililolala chini hupinda shingo, na tumbo lake hupata upande bapa utakaokiwezesha kibuyu kusimama mezani bila kuyumba. Anayetaka kata ya kutekea maji ataning'iniza. Anayetaka chombo cha kukaa ataliacha chini juu ya nyasi kavu lisioze. Kitambaa kikifungwa kiunoni mwa tunda changa, tunda litanenepa juu na chini yake. Wachina waliifikisha mbali zaidi mbinu hiyo: katika karakana za kifalme za enzi ya Kaizari Kangxi, tunda changa liliingizwa ndani ya kalibu yenye nakshi, likakua likaijaza, likatoka na picha mwilini.

Hapa kwetu hatuhitaji kalibu. Tunda likiwa bichi, ukilikwaruza ngozi kwa mwiba, kidonda hupona kwa kovu lililoinuka, na kovu hukua pamoja na tunda. Mchoro wa Februari huwa mpana zaidi kufikia Aprili. Mstari ulioukata umenyooka unaweza kupinda, jicho la samaki likatanuka upande mmoja. Mimi nakipenda kibuyu cha namna hii kuliko kile kilichochomwa kwa moto toka juu hadi chini, kwa kuwa mkulima na mmea wote wamechora.

Mwezi Mei ndipo Likasi inapokuwa na faida ambayo watu wa pwani hawana. Mji uko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na baada ya mvua kukatika hufuata miezi ya hewa kavu, yenye baridi ya Juni na Julai. Tunda huachwa mpaka kikonyo chake kigeuke kahawia; likichumwa kabla, ganda litanywea. Kisha matunda huwekwa kivulini penye upepo, yasigusane. Yatapata kuvu, nyeusi na ya kijivu, na hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa na kuyatupa. Wasiyatupe. Kuvu ya nje huacha madoa ya mawimbi ambayo hakuna rangi ya dukani inayoweza kuyaiga. La kutupwa ni lile linalobonyea na kunuka. Yanayobaki hukauka kwa mwezi mmoja, miwili, hata sita kwa makubwa, na siku moja ukilitikisa moja utasikia mbegu zikicheza ndani.

Kinachofuata ni kazi ya mikono. Kibuyu hufunikwa kwa kitambaa kilicholowa, ngozi ya juu ikalainika, kikasuguliwa kwa mchanga na gunzi la mahindi hadi ganda la rangi ya asali litokee. Kinakatwa mdomo kwa msumeno mwembamba wa chuma. Ndani hukwanguliwa utando na mbegu, na hapo ni lazima kufunga kitambaa puani, maana vumbi la kibuyu ni chungu na hukwaruza kifua. Kama ni chombo cha kunywea, hujazwa maji, yakamwagwa na kubadilishwa siku kadhaa hadi uchungu uishe.

Vifaa vya nakshi viko katika kila mtaa wa komini ya Kikula: spoku ya baiskeli iliyonolewa, msumari mnene, kisu kilichotengenezwa kwa kipande cha msumeno. Spoku hupashwa moto kwenye makaa ya mbabula hadi iwe nyekundu, ikaburutwa juu ya ganda. Ikiwa na moto mno inatoboa. Ikipoa inakwama na kuacha alama ya kutetemeka. Kwa hiyo mwenye kazi huwa na spoku tatu au nne motoni, akizipokezanisha. Wanaotumia kisu hukata mistari membamba, wakaipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, kisha wakafuta: masizi yanabaki ndani ya mikato tu. Nta ya nyuki humaliza, na misitu ya miombo ya pande hizi haijawahi kukosa nyuki.

Hapa naomba kuchepuka kidogo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Bela aliyechora kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga aliyejaza turubai kwa vistari vifupi vifupi vilivyopangwa. Huwa siwezi kuitazama michoro ya Mwenze bila kuona kisu kikipita juu ya ganda gumu, wala nukta za Bela bila kufikiria msumari wa moto. Sidai kwamba walijifunza kwenye vibuyu. Nasema tu kwamba kijana wa Likasi anayetafuta mtindo wa kuchora juu ya kibuyu hana haja ya kunakili twiga na machweo ya kwenye kanga za watalii. Mtindo wa Katanga upo, na unaafikiana na ganda.

Tena upo wa zamani zaidi. Miongoni mwa Waluba, ambao himaya yao ilitawala kaskazini mwa Katanga kabla ya reli na migodi, waganga waitwao bilumbu walitumia mboko: kibuyu kilichokatwa kikawa bakuli, kikatiwa chokaa nyeupe ya pemba, mbegu, midomo ya ndege, vipande vya chuma na visanamu vidogo vya mti. Mganga alikitikisa, akafunua, akasoma jinsi vitu vilivyojipanga. Kila mtikiso ulileta mpangilio mpya, na ndani ya mpangilio huo kulisomwa ugonjwa, ugomvi wa urithi, au kosa lililosahauliwa na ukoo. Wachongaji wa Kiluba walikithamini kibuyu hicho kiasi cha kukichonga upya kwa mti, mikononi mwa mwanamke aliyeketi. Sanamu mashuhuri ya aina hiyo iko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na inahesabiwa kuwa ya fundi tunayemwita Bwana wa Buli kwa sababu kazi zake zilihusishwa na kijiji cha Buli, kaskazini mwa Katanga. Wataalamu waliutambua mkono wake. Jina lake la hakika hawajaafikiana.

Si kila kibuyu kilikuwa kitakatifu, tusitie chumvi. Vingi vilibeba maji, pombe, mafuta, unga na mbegu za msimu ujao, na vingine viligeuzwa viko vya kuvutia tumbaku. Vingine vilipiga muziki. Kisanji cha Waluba, kile chenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, hupata sauti yake kamili kikishikizwa juu ya kibuyu. Watu wa Kasai, ambao reli na migodi viliwaleta Likasi kwa maelfu kabla ya wengi wao kufukuzwa mwaka 1992 na 1993, wana madimba: marimba ambayo chini ya kila ubao hukaa kibuyu chake, kikubwa kwa sauti nzito, kidogo kwa sauti nyembamba. Ubavuni mwa kibuyu hutobolewa tundu, likafunikwa kwa utando mwembamba ambao buibui hufungia mayai yake. Utando huo ndio unaotoa ule mvumo wa kukwaruza. Fikiria ugumu wa kazi hiyo kwa mkulima: si kupata kibuyu kizuri, bali kupata safu nzima ya vibuyu vinavyopungua ukubwa kwa mpangilio, kila kimoja kikiitika sauti ya ubao wake. Shamba la mtengeneza madimba ni sehemu ya chombo chake.

Na Likasi ina kisa chake katika muziki. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville kijana mzaliwa wa Bunkeya akipiga gitaa: Mwenda Jean Bosco. Rekodi ya wimbo wake Masanga ilitoka hapo ikaenda mbali, hadi Nairobi na kwingineko, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wakajifunza vidole vyake. Katika safari zake za Katanga za miaka ya 1950 Tracey alirekodi pia muziki wa Waluba na Wakanyok, wenye ala za kwao. Katika nyimbo nyingi za gitaa za Katanga ya wakati huo utasikia pembeni kitu kikishika mapigo: ni chupa ya soda. Manyanga ya kibuyu yalihitaji msimu mzima kuota na kukauka. Chupa ilikuwa mezani.

Kilichokitoa kibuyu jikoni, hata hivyo, si chupa ya soda bali bidoni la njano. Bidoni halipasuki likianguka, lina mkono, na linapatikana bure mafuta yakiisha. Siwezi kumlaumu mama yeyote kwa kulichagua. Pamoja na hayo, kuna jambo moja lililopotea lisiloonekana. Munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi kinachopendwa Katanga na Zambia, hulainishwa kwa mizizi ya porini iliyopondwa, ya mimea ya jamii ya Rhynchosia, kisha huachwa kichachuke. Kibuyu kilichotumika mara nyingi huhifadhi ndani ya ganda lake chachu ya munkoyo wa juzi, ikauanzisha wa leo. Plastiki iliyosuguliwa kwa sabuni haihifadhi kitu. Ndiyo maana wazee husema munkoyo wa siku hizi hauna ladha, na safari hii wazee hawazidishi.

Mmung'unye wenyewe ni wa bara hili. Mwaka 2004 wanasayansi walieleza mimung'unye ya mwituni iliyopatikana Zimbabwe, na mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba vibuyu vya kale vya Amerika vina asili ya Afrika. Maelezo yanayokubaliana na matokeo hayo ni kwamba matunda makavu yalielea juu ya Bahari ya Atlantiki, mbegu zikiwa salama ndani. Huko Huaca Prieta, pwani ya Peru, mwanaakiolojia Junius Bird alifukua katika miaka ya 1940 vibuyu viwili vilivyochongwa sura, vyenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Peru haikuacha: katika vijiji vya karibu na Huancayo familia zinaishi kwa kuchonga vibuyu, wakijaza ganda moja na arusi, mavuno na maandamano, kwa mikato midogo inayodai subira ya ajabu.

Lakini kwa mfano wa kufuata, sina haja ya kuvuka bahari. Kitui nchini Kenya, Wakamba wana jadi ndefu ya kuchora vibuyu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikundi cha akina mama cha Kyanika, kikishirikiana na watafiti wa Makumbusho ya Taifa na wa taasisi ya kimataifa ya hifadhi ya mimea, kilianza kukusanya mbegu za vibuyu vya kila umbo. Hawakukusanya mbegu tupu. Kila aina iliandikiwa jina lake, matumizi yake, na hadithi au wimbo unaoihusu. Kisha waliweka mahali pa kuvihifadhi na kuvionyesha, na wakaviuza vilivyonakshiwa. Walianza na mbegu kwanza, soko baadaye. Miradi mingi ya kazi za mikono ninayoijua hufanya kinyume: huanza na mnunuzi wa Ulaya, na mnunuzi akichoka kila kitu hufa.

Likasi ingeweza kufanya hivyo kwa urahisi zaidi ya inavyodhani. Mama wa Kapolowe wanaouza samaki wa ziwa Tshangalele wanajua nani bado ana mmung'unye wa shingo ndefu. Chuo hakihitajiki. Bajeti haihitajiki sana. Kinachohitajika ni daftari, na mtu asiyeona haya kuuliza wazee kuhusu vitu vya jikoni.

Kuna tahadhari ambayo mwandishi wa sehemu nyingine asingehitaji kuiweka. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima mikojo ya wakazi wa kusini ya Katanga. Waliokuwa wakiishi jirani na migodi na viwanda vya madini walikuwa na kobalti na metali nyingine kwa viwango vikubwa. Vumbi linaingia nyumbani, linatua kwenye mboga, linaingia kisimani. Kwa hiyo mtu mwenye lupango karibu na Shituru anayejiuliza apande nini ana sababu nzuri ya kupanda kitu kisicholiwa. Tunda kwa kawaida huvuta metali kidogo kuliko majani ya mchicha au matembele. Hata hivyo, kibuyu cha udongo huo kiwe cha nakshi au cha manyanga, si cha munkoyo, na kisikwanguliwe ndani ya nyumba watoto wakiwa karibu. Anayetaka chombo cha kunywea akitafute kwa walimao mbali na mabomba ya moshi.

Kuhusu bei, muuza malakiti ana mizani upande wake: jiwe ni zito na kila mtu anajua limetoka mgodini. Kibuyu ni chepesi, na mnunuzi ataona kimeota bure kwenye ua. Mwenye kazi amhesabie kutoka Novemba hadi Agosti, pamoja na yale yaliyooza na yale yaliyotobolewa na spoku. Mnunuzi akiwa mgeni, kibuyu kisafishwe ndani kabisa na mbegu zote zitoke, kwa sababu nchi nyingi hazipendi kuona mbegu ngeni zikiingia kwenye mizigo. Na jina la fundi liandikwe chini yake. Bwana wa Buli mmoja anatutosha.

Mbegu zilizotolewa zisitupwe. Zianikwe kivulini, zitiwe kwenye bahasha, na juu ya bahasha liandikwe umbo la kibuyu zilimotoka, na pia umbo la mimung'unye iliyokuwa jirani, kwa kuwa nondo hawajali ua wa nani. Mbegu ya kibuyu cha duara iliyochavushwa na mmea wa shingo ndefu inaweza kuleta kitu cha tatu kabisa. Asiyeandika chochote atapanda Novemba akitarajia manyanga, na Aprili atavuna kata.